Tulifuata maua Kitulo mwezi wa nane

Miaka michache iliyopita nilipanda Kitulo, ile hifadhi ya Nyanda za Juu Kusini, na kwaya ya watu kumi na wanane, kosta ya kukodi, kamera mbili na spika ya kupigia wimbo. Tulifuata maua ya kupigia video. Si inaitwa Bustani ya Mungu? Basi tukafika tukakuta nyasi zimekauka, rangi ya mkate, na upepo ule wa juu unaopita katikati ya meno. Akina mama wamevaa majoho meupe ya kitambaa chepesi, wanatetemeka, midomo imekataa kabisa kufuata wimbo.

Dereva wa kosta alikuwa ameegemea mlango anakula hindi la kuchoma. "Maua?" akauliza. "Maua ni mvua zikishashika, mkuu. Mngekuja mwezi wa kwanza, wa pili." Kumbe kwao ni Matamba, hapo hapo chini. Tulikuwa naye tangu Kabwe, Mbeya mjini, alfajiri, tumepita naye Uyole, tumekunja naye Isyonje, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu zaidi ya "tutafika saa ngapi?"

Ile safari niliilipia nusu kutoka mfukoni mwangu. Ndiyo iliyonifundisha kukaa chini na watu kabla ya kugusa kamera.

Walimu wanaita bungua bongo. Sisi ofisini (ofisi yenyewe chumba kimoja Soweto ya Mbeya, juu ya duka la nguo) tunasema tu "kikao cha mawazo". Mbinu hii ilipata jina kupitia Alex Osborn, mtu wa matangazo huko Marekani, na masharti yake hayana ugumu: semeni mengi, msikosoane wakati mnasema, wazo la ajabu likaribishwe, na mtu aruhusiwe kuliongezea la mwenzake. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa mengi zaidi.

Mimi sikushangaa. Kwenye vikao vyetu vya mwanzo nilikuwa naongea mimi, halafu wengine wanasema "hapo sawa, kaka". Mimi ndiye mwenye kamera, mimi ndiye ninayelipa, nani anipinge? Kijana wangu wa kuhariri alikuwa na mawazo mazuri kuliko yangu, na nilikuja kuyasikia baada ya kazi kuisha, tena kwa mtu mwingine.

Siku hizi dakika kumi za kwanza ni kimya. Kila mtu na karatasi yake, simu zimelala kifudifudi. Kisha karatasi zinachanganywa na mmoja anazisoma zote bila kutaja nani kaandika nini. Ukianza kucheka wazo la mtu, unanunua chai. Nimeshainunua mara nyingi.

Na usiite watu wa video peke yao. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mpiga picha ukimuuliza wazo atakwambia droni ipande juu, mwanga wa jioni, mtu atembee taratibu akigeuka nyuma. Tunafanana mno sisi.

Tulipata kazi ya kikundi cha akina mama wa Rungwe wanaouza parachichi. Karatasi zetu zilikuwa zimejaa mashamba ya kijani na ukungu wa Tukuyu, mambo yale yale. Mama anayetuletea chakula akaingia na sahani zake, tukamwomba naye aandike. Akasema yeye kuandika hapana, ila atuoneshe. Akachukua parachichi moja kati ya yale ya sampuli, akalisogeza sikioni, akalitikisa polepole. Akatupa sura ya kukataa. Akachukua la pili, akatikisa, akatabasamu: kokwa lilikuwa linagonga ndani. Ko, ko, ko. "Hili kesho unakula."

Tangazo likaanza hivyo. Kiza, sauti ya kokwa, halafu sikio la mama na hereni yake. Lile shamba la kijani tuliliweka sekunde tatu za mwisho, ili mteja asilalamike.

Kuchuja ni kikao kingine, na bora kiwe kesho yake. Mkichanganya kuchangia na kuchuja, wazo changa linakufa kabla halijasimama. Siku ya kuchuja ndiyo ya ukatili: pesa ipo? Kibali je? Mvua? Ukiwa na kazi Tukuyu, swali la mvua liulize mara mbili, maana pale hata jua likiwaka unabeba nailoni ya kufunikia kamera. Halafu kuna swali langu la mwisho ambalo halikosi: nani anayejua mahali hapa kuliko sisi, na tumeshamuuliza?

Kikao chote hakizidi saa moja na nusu. Mteja mdogo mwenye video ya sekunde thelathini ya saluni yake, nusu saa inatosha, tena palepale saluni akiwa anasuka.

Kitulo tulirudi, mwezi wa pili, kwaya ile ile na dereva yule yule. Safari hii tulikaa nao kwanza baada ya mazoezi, karatasi zikapita. Mimi niliandika habari za lenzi na pembe. Bibi mmoja wa sauti ya pili, mzee kuliko wote, aliandika neno moja kwa herufi kubwa: MASWETA. Yavaliwe ndani ya joho. Ukiitazama ile video kwa makini utaona wamenenepa kidogo, lakini wanaimba.