Mwanangu, ulichoniuliza kuhusu JKT

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikasema nisijibu harakaharaka, maana umeuliza kwa uchungu. Umesema jina la mjukuu wangu limetoka kwenye orodha ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, yaani ile ya lazima kwa waliomaliza form six, na wewe usingizi huna, ukaandika hivi: "Mama, wewe na akina ma'mdogo mkikutana mnaongea jeshi mpaka saa nane usiku, mnacheka mpaka mnafuta machozi, mtu akitaja tu ndoo sita ndio basi tena, lakini nikisikiliza naona ni njaa, baridi na kukimbizwa, sasa mnacheka nini? Na mwanangu nimpeleke huko?" Basi leo baba yako kaenda shambani nyumba imetulia, nakujibu yote, hata yale ambayo kukiwa na watu huwa tunayaruka.

Kwanza sikulaumu kutoelewa. We umemaliza form six 2005, na JKT ya lazima ilishasimamishwa tangu 1994, ikaja kurudi 2013, kwa hiyo rika lenu lote limepita hapo katikati bila kuonja. Kwetu sisi ilikuwa huulizwi. Unamaliza shule, jina linatangazwa, unafunga tranka unaenda, awe mtoto wa mkubwa serikalini awe mtoto wa mlinzi, ndio baadaye chuo au kazi. Wale waliotutangulia, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliikataa, Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, hasa kwa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakishatoka kambini, na Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300, ila na yeye akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Hiyo mimi nilikuwa bado mtoto mdogo kabisa nimekuja kusimuliwa na wakubwa. Ilipofika zamu yetu, Julai 1983, nani abishane.

Intake yetu, yaani kundi tulioingia pamoja, ilikuwa kubwa, tulitawanywa nchi nzima. Hayati Magufuli naye alikuwa wa intake hiyo, yeye alianzia Makutupora kule Dodoma. Ndio maana tukikutana kila mtu anavutia kwake, aliyekuwa Ruvu anakwambia hakuna mbu kama wa Ruvu, aliyekuwa Bulombora anakwambia nyie hamjabeba michikichi, sisi tuliokuwa Nyanda za Juu Kusini tunasema nyie wote hamjui baridi. Na baridi ile mwanangu acha kabisa. Julai kule maji ya kwenye ndoo asubuhi unayagusa unahisi kama umechomwa, na saa kumi alfajiri kipenga kimelia upo nje na bukta.

Kupokelewa kwenyewe ndio hujawahi kuelezwa vizuri. Lori lilitushusha getini, tukadhani tunaonyeshwa pa kulala, kumbe unaambiwa weka tranka kichwani na ukimbie, kuruta, yaani mgeni wa jeshi, hatembei. Mimi tranka langu bibi yako alikuwa kalijaza karanga na vitabu, sijui alidhani naenda bweni, lilikuwa zito mpaka shingo ikawa inaingia mabegani. Pembeni yangu alikuwa binti mmoja mrembo, nywele kasuka vizuri, viatu vya mjini, analia huku anakimbia. Kesho yake wote tulikatwa nywele zikabaki kipara, na hapo mtu ukimtazama humjui tena katoka wapi, baba yake nani, anasali wapi. Huyo binti ndiye ma'mdogo wako wa Tabora. Tulipangwa hanga moja, yaani bweni la kambini, kitanda chake na changu vimegusana.

Sasa huyu nyumbani kwao walikuwa na duka kubwa. Na mwaka ule unakumbuka tulivyokusimulia, 1983 ndio Sokoine akiwa Waziri Mkuu aliwasaka wahujumu uchumi, watu wanatupa sabuni na vitenge usiku maporini wasikutwe navyo. Baba yake alikamatwa, na yeye akaletwa kambini huku baba yuko ndani. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu ya sabuni. Sabuni nchi nzima ilikuwa shida, tulikuwa tunapata kipande cha mche tunakigawana, na njia ya kugawa ni uzi, unauzungusha kwenye kipande halafu mmoja anavuta huku mwingine anavuta kule, kinakatika sawasawa bila kumeguka. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kukata, nikamuona anatetemeka mikono, nikadhani baridi, akaniambia kwa sauti ndogo, nyumbani kwetu wamekuta katoni za hizi chini ya kitanda. Ndio nikajua. Sikumuuliza zaidi, nikampa kipande chake. Toka siku ile tukawa mtu na ndugu yake mpaka leo.

Chakula, ndio, njaa ilikuwepo. Ugali wa yanga, ule unga wa njano, na maharage ambayo ukiyatazama sana huyali, kwa hiyo hatukuyatazama. Kazi ya shamba mpaka mgongo unasahau kunyooka, maana tulifika wakati wa kuvuna mahindi, baada ya hapo kufyatua matofali, baada ya hapo mvua zikaanza tukarudi kupanda. Hilo si la kukuficha. Jeshi lenyewe linaitwa la Kujenga Taifa, tangu Julai 1963 lilipoanzishwa jembe na bunduki vilikwenda pamoja, na kwa mwaka ule mzima mimi nilishika jembe zaidi.

Lakini bunduki nayo nilijifunza. Tulikuwa na koplo mmoja mfupi mpole, alikuwa amepigana vita ya Kagera, alikuwa hapigi kelele kama wengine. Alitufundisha kufungua bunduki ya SAR na kuifunga tumefumba macho, na khanga zetu wenyewe tumefungwa usoni. Wengine tukawa tunanung'unika, kwa nini macho yafungwe na jua liko hapo. Akatuambia, nilikuwa nafanya hivi usiku wa mvua, na ukiwasha tochi unakufa. Akaendelea kufundisha. Nilikuwa nashika kila chuma kwa vidole najua hiki kinaenda wapi na hiki kinafuata nini, na nakwambia kweli, nikifumba macho sasa hivi mikono bado inajua. Kwa binti aliyetoka kijijini ambaye hata baiskeli alikuwa haruhusiwi kupanda, kushika kitu kile na kukiweza mbele ya wanaume, hilo lilinibadilisha na mpaka leo sijarudi nilivyokuwa. Hata nilipoenda kugombea uongozi wa ushirika na baba zako wadogo wakawa wananicheka unakumbuka sikuyumba.

Sasa hiyo ndoo sita.

Kambini kulikuwa na afande mmoja, jina na cheo siandiki, alikuwa na mtindo wa kuita mabinti jioni, mmojammoja, waende nyumbani kwake kumfulia. Kila mtu alikuwa anajua kufua maana yake nini. Ukikataa kesho unajikuta lindo la usiku, na keshokutwa tena, na usingizi ukikosa siku tatu kule na kazi zile unaanguka kwenye gwaride. Mabinti wawili watatu walikuwa wanalia usiku na hawasemi. Jioni moja akamuita ma'mdogo wako wa Tabora. Alirudi hangani kachukua ndoo, uso umebadilika, akasimama tu mlangoni hatoki. Mmoja wetu, yule mrefu wa Mara, akainuka kitandani hakusema kitu, akachukua ndoo yake. Na mimi nikachukua yangu. Tukawa sita. Tukajipanga mistari miwili, ndoo kichwani, tukaenda kwa mchakamchaka katikati ya kambi huku tunaimba chenja, zile nyimbo za jeshi za kukimbilia, kwa sauti yote tuliyokuwa nayo, watu wanatoka mahangani wanatutazama, tukafika mlangoni kwa yule bwana, tukasimama mguu sawa, tukasema afande tumekuja kufua! Akatoka na shati moja. Mwanangu, shati moja tulilifua watu sita, mmoja kola, wawili mikono, tukaliminya, tukalianika, tukaomba ruhusa ya kuondoka, tukaondoka tunaimba. Kesho akaita mwingine, tukaenda tena sita. Baada ya hapo hakuita tena mtu wa hanga letu, na habari ilifika kwa afande mmoja wa kike ambaye tulimheshimu sana, kilichofuata sikukijua ila yule bwana alihamishwa.

Hicho ndicho tunachokicheka. Tunacheka uso wake alivyoona ndoo. Tunacheka yule wa Mara aliyekuwa anasugua kola kwa hasira mpaka ikachanika. Hatucheki njaa wala hatujasahau, mwanangu, mtu anasimulia njaa ili afike pale tulipogawana. Kuna watu nimekaa nao ofisini zaidi ya miaka ishirini, nimekula harusi zao, na sina uhakika kama ningesimama mlangoni na ndoo angeinuka hata mmoja. Wale watano niliwajua kwa miezi tu na nina uhakika.

Na kuna siku nyingine hatuisimulii kwa kicheko kabisa. Aprili 12, 1984. Tulikuwa tumetoka shambani, matope mpaka magotini, tukakusanywa uwanjani na redio ikawekwa juu ya meza, Mwalimu mwenyewe akatangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro. Kuruta walilia, maafande walilia, yule koplo wa Kagera alivua kofia akainama. Nikamgeukia ma'mdogo wako, maana nilijua baba yake yuko ndani kwa msako wa huyohuyo Sokoine, nikawa sijui nimkute na uso gani. Alikuwa analia kuliko mimi. Usiku nikamuuliza taratibu, akasema baba yangu alificha sabuni na watu hawana sabuni, mimi nimeoga kwa kipande cha uzi mwaka huu ndio nimejua. Alimpenda baba yake sana, na alipoachiwa baadaye ni yeye aliyemuuguza mpaka mwisho. Lakini usiku ule aliyasema hayo akiwa binti mdogo tu, na mimi sijawahi kumsikia mtu akisema neno zito kuliko lile. Sijui angeyapatia wapi kama angebaki dukani kwao.

Haya, turudi kwa mjukuu wangu.

Mpeleke. Siku hizi ni miezi michache tu si mwaka kama sisi, na njaa ile haipo. Hofu ya kukimbizwa na kipara itoe kichwani, hivyo vinapita. Hofu ya mtu kama yule wa ndoo usiitoe, hiyo ibaki nayo na umwambie waziwazi, usimfiche ukidhani unamlinda. Mwambie ndani ya wiki ya kwanza awe na mabinti wawili watatu wanaojuana kwa majina na makwao. Akiitwa mahali peke yake jioni asiende peke yake, na akiona lisilo sawa asikae nalo, amwendee afande wa kike, kila kambi wapo, na akipata nafasi ya simu anipigie mimi hata usiku wa manane. Haya nataka ayasikie kwako na pia ayasikie kwangu, kwa hiyo kabla ya kuripoti mlete huku alale siku mbili. Ma'mdogo wa Tabora nimeshamwambia, atapanda basi Ijumaa.

Vitu vya kubeba usinunue ovyo, fuata yale maelekezo yao, bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira isiyo na zipu ifike magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traki suti. Umesema kapangiwa Mafinga, basi ongeza sweta zito na soksi usiweke pea mbili weka sita, miguu ikipoa kule hulali. Raba azivae hapo nyumbani kwanza azizoee, mpya zitamchubua siku ya kwanza. Vyeti vyote avibebe na kopi umbakishie wewe. Nauli ya kwenda na ya kurudi zote ampe mtu amshonee ndani ya begi, kushona nitamshonea mimi akija. Karanga kidogo nitakaanga, tranka asibebe.

Msalimie baba watoto na wadogo wote. Ukisoma hii nipigie jioni, mchana simu huwa naiacha ndani.

Mama yako