Kura ya diwani England: soma juu ya karatasi kabla ya kuweka alama

Ukitoka Tanzania au Kenya, umezoea kata moja kuchagua diwani mmoja. Usiingie kituoni England na hesabu hiyo. Huku kata inaweza kuwa na madiwani hadi watatu. Zipo halmashauri zinazochagua wote kwa pamoja kila baada ya miaka 4, na zipo zinazochagua theluthi moja kila mwaka, zikiruka mwaka mmoja katika kila minne. Kwa hiyo kata yako inaweza kukupa alama 3 mwaka huu, na mwenzako wa halmashauri jirani akapewa 1. Idadi imeandikwa juu ya karatasi. Ukiweka X pungufu, kura yako ni halali; ukizidisha hata moja, yote imeharibika.

Kuna pia ngazi za halmashauri. Penye ngazi mbili, halmashauri ya kaunti hushika barabara, shule na huduma za wazee. Ya wilaya hushika uzoaji taka na vibali vya ujenzi. Eneo la uchaguzi la kaunti huitwa divisheni, la wilaya huitwa kata, na mipaka yake mara nyingi haifanani. Ndiyo maana watu humlalamikia diwani wa kata kuhusu mashimo ya barabarani bila kupata msaada: wamegonga mlango usiohusika.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mwenye kibali halali cha kuishi anaruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Wa Kongo na Burundi hawamo. Wengi wenye haki hii hawaijui, na inasikitisha, maana kodi ya halmashauri wanailipa. Jiandikishe siku 12 za kazi kabla ya kura. Wikendi na sikukuu hazihesabiwi, na hapo ndipo watu huchelewa.

Siku ya kura kwa kawaida ni Alhamisi ya kwanza ya Mei, saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kadi ya taarifa ya kura iliyoletwa na posta haitoshi, haina picha. Tangu 2023 lazima kitambulisho cha picha: pasipoti ya nchi ya Madola inakubaliwa, hata iliyoisha muda, mradi sura bado ni yako. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) na leseni ya udereva ya nyumbani havikubaliwi. Huna pasipoti? Omba cheti cha mpiga kura, hakina malipo, kabla ya saa 11 jioni, siku 6 za kazi kabla ya kura.