Muulize Mzee wa Dirishani: Baba hajafa, mkopo umepungua

SWALI: Shikamoo Mzee. Nauza vitumbua hapa Muheza na nalea watoto watatu peke yangu. Baba yao aliaga mwaka 2014 kwamba anakwenda machimboni. Hajarudi, wala hajatuma hata salamu. Mwanangu mkubwa kapata chuo kikuu cha serikali Dar es Salaam, ada 1,300,000 kwa mwaka. Kwenye mkopo wa serikali, pesa ya kujikimu kapewa yote, ila ya ada kapewa asilimia 40 tu. Mtoto wa jirani, ambaye marehemu baba yake aliwaachia duka la jumla, kapewa ada yote. Nimekosea wapi? Na wazee wa hapa wanasema enzi za Mwalimu Nyerere chuo kilikuwa bure. Nani aliiondoa hiyo bure?
Mama wa Watatu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea. Nilikaa nyuma ya dirisha la malipo la chuo miaka 22, na swali lako nililetewa kila Novemba na mama aliyeshika bahasha ya kaki.

Tuanze na hesabu, niwie radhi, ndiyo kazi niliyoizoea. Umebakiwa na 780,000. Ukilipa kwa awamu mbili ni 390,000 kila muhula. Kama kitumbua kimoja kinakuachia faida ya shilingi 50, hivyo ni vitumbua 7,800 kwa muhula, na wale wawili wa nyumbani bado hawajala. Wanaopanga asilimia hawavioni vitumbua. Wanachokiona ni viambatisho.

Yatima huweka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Mwenye ulemavu huweka fomu ya mganga. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huweka namba yake. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili huweka barua ya mfadhili. Mume aliyepotelea machimboni hana fomu yake. Kwa karatasi, mwanao ana wazazi wawili walio hai na wenye nguvu. Jirani yako hakudanganya mtu. Ana cheti, na duka halikuulizwa kama lilivyoulizwa kaburi.

Hiyo bure ilikuwepo kweli, mimi niliila. Lakini wazee wako wamekuhadithia nusu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wote wangeenea kwenye basi moja na viti vikabaki. Serikali iliweza kuwalipia. Na hata hao walidaiwa. Mwalimu aliwafananisha na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada; asiporudi ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa mshahara, aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Sisi wa baada ya Azimio la Musoma la 1974 hatukutoka kidato cha sita moja kwa moja. Ulikwenda JKT, ukafanya kazi, ndipo ukaombewa nafasi kwa barua ya mwajiri na ya tawi la Chama. Barua yangu niliihangaikia wiki tatu, maana katibu wa tawi alikuwa na ugomvi wa shamba na baba mdogo. Kwa hiyo karatasi si jambo jipya, mwanangu. Yangu ilithibitisha kwamba mimi ni mwenzao. Ya mwanao inatakiwa ithibitishe kwamba ninyi ni maskini.

Bure haikuondolewa na mtu mmoja kwa siku moja. Miaka ya 1980 uchumi ulianguka, wakopeshaji wa nje wakaja na masharti, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 tukaanza kusikia neno "kuchangia gharama". Vyuo binafsi vikaruhusiwa, wanafunzi wakaongezeka, kisha Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi 2005. Mimi sipingi kuchangia. Ninachopinga ni masharti kubadilishwa njiani. Watu walisaini wakijua watakatwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikarekebishwa 2016 ikawa 15, na ikawakata hata wao. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni linenepe wakati mtu analipa, iliondolewa kwa tamko la Rais Samia siku ya Mei Mosi 2021, Mwanza. Nilifurahi. Ila ona: kilichopandishwa na Bunge na kilichoshushwa jukwaani vyote ni siasa, na mwanao anasaini leo deni ambalo masharti yake ya mwaka 2035 hayajaandikwa.

Asaini hata hivyo. Halafu akate rufaa; dirisha la rufaa hutangazwa baada ya mikopo kupangwa, na hufungwa upesi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua inayosema wazi kwamba mama analea peke yake tangu 2014, mwenyekiti naye aweke mhuri, kisha ule kiapo mbele ya hakimu. Kama kaya yenu iko TASAF na namba haikujazwa, hapo ndipo penye nguvu zaidi. Sikuahidi ushindi. Nimeona barua kama hizo zikipita, nimeona nyingine zikirudi.

Usiihesabu bumu, yaani ile pesa ya kujikimu, kama ada. Tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, na Dar es Salaam inaishia kwenye chumba na sahani ya wali maharage. Tena haiji siku ya kwanza. Mpe mwanao ya kula ya mwezi mzima, umshonee mfukoni ikibidi.

SWALI: Mzee, mimi nasoma stashahada. Mikopo ni ya shahada tu?
Kijana, Singida

JIBU: Hapana. Tangu 2023/24 stashahada nazo zimeingizwa, ila kwa fani zilizochaguliwa: afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Hukuniambia unasoma nini. Niandikie tena, na safari hii uweke jina la kozi.