Mtaalamu anamuuliza binti yangu maswali tu, nasaha ziko wapi?

SWALI: Binti yangu ana miaka 15 na amegundulika kuwa na sonona. Hii ni wiki ya nne anatibiwa mtandaoni kwa kuchati na mtaalamu wa saikolojia, dakika 45 kila wiki. Nilichungulia simu yake nikakuta maswali matupu: jana ulifanya nini, uliwaza nini. Hakuna nasaha hata moja. Hii ni tiba kweli, au nimtafutie mtu wa kumshauri?

JIBU: Mama, kwanza acha kuyasoma mazungumzo hayo. Siku atakayojua unayasoma, ataanza kuandika yale anayotaka wewe uyaone, na tiba itaishia hapo. Una haki ya kuelezwa mpango wa tiba na maendeleo yake, na kuarifiwa mara moja maisha yake yakiwa hatarini. Yanayobaki ni yake.

Sasa nasaha. Kila wiki nakutana na mzazi anayeamini kwamba kijana mwenye sonona amekosa mtu wa kumwambia la kufanya. Ameshaambiwa! Toka kitandani, shukuru ulivyo navyo, kaa na wenzako: kaambiwa nyumbani, kaambiwa shuleni. Sonona inakula hamu na nguvu za kutenda, kwa hiyo kila nasaha inayomshinda anaihesabu kama ushahidi mwingine kwamba hafai.

Tuseme kijana ameandika: "kila kitu kinachosha." Mtoa nasaha atajibu: "Usijali, jaribu mazoezi." Kijana ataandika "sawa", na mlango umefungwa. Mtaalamu atauliza: "Leo asubuhi, kitu gani kilikuchosha kwanza?" Jibu: "kuvaa sare." "Uliposhika sare, ulijiambia nini?" Dakika tatu kimya, kisha: "kwamba wote watanitazama." Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Wazo limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe, na sasa wawili hao wanaweza kulipima: mara ya mwisho alipokwenda shule, nani hasa alimtazama, na nini kilifuata? Kisha wanapanga jambo moja dogo, pengine kuketi nje dakika 10 kesho jioni, akiandika hali ya moyo wake kuanzia 0 hadi 10, kabla na baada. Akingoja hamu irudi ndipo atende, atangoja sana. Kwa kawaida hamu hufuata kitendo. Ndiyo maana anaulizwa jana alifanya nini.

Maandishi yana faida yake. Anayeona haya kulia mbele ya mtu huweza kuandika asichoweza kutamka, na wiki tatu baadaye mtaalamu humrudishia sentensi yake mwenyewe walinganishe. Lakini machozi hayaonekani kwenye chati, na jibu likichelewa kijana hudhani amechukiza. Mtaalamu mzuri husema mapema, "nikinyamaza kidogo, nasoma ulichoandika," na "sawa" ya mkato haipiti bila kuuliza ina maana gani.

Kujua kama inasaidia, usihesabu nasaha. Uliza alama za dodoso la PHQ-9 la vijana, linalopima uzito wa sonona: maswali 9, alama 0 hadi 27. Kushuka kwa alama 5 hivi ni mabadiliko ya maana. Vikao sita vikipita na alama hazijasogea, mpango upitiwe upya: kuongeza vikao, kuhamia video au ana kwa ana, au daktari afikirie dawa.

Hao wa kumshauri unaotaka kuwatafuta, wengi ndio wanaonipa hofu. Wamejaa mtandaoni: wanaahidi kumaliza sonona kwa siku saba, hawasemi walisomea wapi wala wamesajiliwa na nani, na wengine humwambia mtoto aache dawa aliyoandikiwa na daktari. Dawa za sonona hazikatwi ghafla. Kuzikata hivyo kwaweza kusababisha kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi, na ugonjwa waweza kurudi. Programu za kuchati zinazojibu zenyewe nazo si mbadala: nyingi humwitikia kijana kwa kila asemalo, hata anapojilaani, na hakuna mtu nyuma ya programu hizo wa kuwajibika.

Washauri hao wengi pia hukwepa kuuliza habari za kujiua, wakidai watamtia mtoto wazo hilo. Si kweli. Kumuuliza wazi hakumpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema alilokuwa akilibeba peke yake.

Kwa hiyo yeyote utakayemkabidhi mtoto, muulize hivi: "Saa tatu usiku akikuandikia kwamba anataka kufa, kisha akatoka mtandaoni, utafanya nini?" Aliyefunzwa ana jibu tayari: anajua mtoto yuko wapi kwa sababu huuliza mwanzo wa kila kikao, ana namba yako ya simu na anakupigia papo hapo, na mlishakubaliana ni hospitali gani atapelekwa, nani atakaa naye, na nani ataondoa dawa na vitu vya kujidhuru chumbani. Akianza kubabaika, usimpe mtoto wako.