Anajua silabi zote lakini akisoma kwa sauti anadonoa: yaliyonisaidia kwa mwanangu

Dada uliyeuliza, umesema binti yako yuko darasa la tatu, silabi zote anazijua, ila akisoma kwa sauti anadonoa neno moja moja kama anayeita mahudhurio, na ukimuuliza amesoma nini hana jibu. Ndivyo alivyokuwa mwanangu wa pili, basi nakueleza tulivyofanya kwetu.

Kosa la kwanza lilikuwa mdomo wangu. Alikuwa hajamaliza hata kuvuta pumzi, nishamtajia neno. Siku moja mke wangu alikuwa akitusikiliza kutoka chumba cha pili, akauliza, "Hivi anayesoma ni nani, wewe au yeye?" Tangu hapo akikwama nahesabu kimoyomoyo mpaka 5. Mara nyingi sifiki 4, amelipata mwenyewe. Akikosea, namwacha afike kwenye nukta ndipo turudi, kwa sababu mara nyingine akifika huko anagundua sentensi haina maana na anarudi bila kuambiwa.

Kitabu nacho kilikuwa kigumu mno. Kipimo changu: katika kila maneno 10 akikwama kwenye zaidi ya moja, hicho namsomea mimi, yeye namtafutia chepesi zaidi, hata kama ni cha darasa la chini. Ukificha jalada hakuna anayejua.

Ila kilichomvusha hasa ni kurudia. Tulichukua aya fupi, maneno 60 hivi, hiyo hiyo mara tatu au nne. Kwanza namsomea yeye akifuata kwa macho, kisha tunasoma pamoja, mwisho anasoma peke yake. Dakika 10 zinatosha, na zikizidi mnaanza kununiana. Njia hii ilielezwa na mtafiti wa usomaji, Mmarekani S. Jay Samuels, mwaka 1979, na hoja yake ndiyo jibu la swali lako la kwa nini binti haelewi anachosoma. Umakini wa mtu una kikomo. Ukiishia wote kwenye kuunganisha silabi, haubaki wa kushika maana. Kwa hiyo usimwambie ni mzembe, anafanya kazi kubwa kuliko wewe unayesikiliza.

Angalizo: kufikia mara ya tatu anaweza kuwa ameshaikariri. Wangu nilimkuta "anasoma" huku ameangalia dari! Dawa yake ni kumwekea kidole kwenye neno la katikati ghafla na kumuuliza, hili ni lipi? Au aanze na sentensi ya mwisho.

Sasa maneno marefu, maana hapa ndipo Kiswahili kinapowatesa watoto. Alikutana na "walipotufikia". Akaenda wa-li-po-tu-fi-ki-a, kufika mwisho mwanzo umeshapotea. Nilimzoesha kuanzia kushoto: wali, walipo, walipotu. Haikusaidia, na nilichelewa kujua sababu. Sisi tunatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila ukiongeza kipande mbele ya safari mkazo unahama: WAli, waLIpo, waliPOtu. Mtoto anajifunza matamshi matatu ya uongo kabla ya lile la kweli. Tukageuza, tukaanzia nyuma: fikia, tufikia, potufikia, walipotufikia. Mkazo umekaa palepale kwenye "ki" tangu mwanzo hadi mwisho, na tayari ameshika kitenzi anachokijua kwa kusikia. Siku ile alilisema mara tatu mfululizo kwa furaha, kama amelibuni yeye. Jaribu na "hawakutuambia" utaona.

Kuhusu ile sauti bapa ya kuita mahudhurio, chukua penseli. Kwenye sentensi "Mtoto wa jirani aliyekuwa amelala aliamka akilia", yeye alikuwa akivuta pumzi baada ya "aliyekuwa", basi inakuwa fujo. Nikachora vistari hafifu: Mtoto wa jirani / aliyekuwa amelala / aliamka akilia. Nikamwambia pumzi ni kwenye kistari tu. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kumpa penseli achore mwenyewe kabla ya kusoma. Hapo ndipo unajua kama ameelewa, maana hawezi kugawa sentensi asiyoielewa. Mazungumzo ya wahusika nayo yanasaidia sana, wewe uwe fisi yeye awe sungura, mbadilishane.

Kuna mchangiaji mwingine amekushauri umpime kwa saa, uone anasoma maneno mangapi kwa dakika. Mimi nilipima, na nikajuta. Alianza kukimbia, akameza miisho ya maneno, nukta akazipita kama hazipo. Ukitaka kumpima, mrekodi kwenye simu siku ya kwanza na siku ya mwisho ya aya ileile, asikilize mwenyewe. Na zile namba za intaneti, kwamba mwisho wa darasa la pili asome maneno 100 kwa dakika, ni za watoto wanaosoma Kiingereza. "Hawakunipigia" kwetu ni neno moja, kwao ni manne. Usimhukumu mtoto kwa rula ya lugha nyingine.

Kama anasogeza kitabu karibu na pua, anaruka mistari au anaumwa kichwa akisoma, anza na kupima macho kabla ya yote haya.

Umeuliza pia kama umkataze kusoma kwa kidole. Mwache. Mfundishe tu kukiteleza chini ya fungu zima la maneno badala ya kuchoma neno moja moja. Wangu alikiacha mwenyewe, na sikumbuki hata ilikuwa lini.