Dodoma au Dar, kwa mwenye watoto wadogo

Dada, umeuliza uhamie Dodoma na watoto wawili au ubaki Dar na mume awe anakuja na kurudi. Hamieni wote. Mimi niliishi Kimara miaka sita, nikawa natoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Hapa Dodoma saa kumi na moja na nusu jioni nipo kibarazani namkagulia binti yangu madaftari. Hicho peke yake kinanitosha.

Kama ofisi ya mumeo iko Mtumba, Mji wa Serikali, tafuteni nyumba Kisasa au Ihumwa. Nkuhungu iko upande wa pili kabisa wa mji, atakuwa anauvuka wote kila asubuhi.

Sasa maji. Kabla hujalipa kodi, fungua bomba mwenyewe, halafu waulize majirani yanatoka siku zipi. Nyumba isiyo na tangi, achana nayo hata iwe nzuri vipi. Vumbi la Agosti nalo si mchezo: unafuta meza, ukimaliza kupika unaandika jina lako juu yake. Na midomo inapasuka, beba mafuta ya kutosha.

Bahari utaikumbuka, na samaki wabichi wa Feri pia. Ila tangu 2024 treni ya SGR ipo, ni kama saa nne tu mpaka Dar. Wakati wa likizo wapelekeni watoto kwa bibi.