Kwa nini Gordon alizima injini

Mwanangu Salma,

Marahaba. Umeniuliza ilikuwaje Nathan Gordon, rubani Mmarekani wa Catalina, ndege inayotua na kuelea majini, akazima injini zote mbili alipokuwa akiokoa wenzake katika Vita vya Pili vya Dunia ndani ya bandari ya Kavieng, Papua New Guinea ya leo, huku mizinga ya Wajapani inamlenga. Unasema ungekuwa wewe ungeziacha zingurume, tayari kukimbia. Jibu liko kwenye kamba.

Ndege ile ikiwa majini haina usukani wala breki. Inageuzwa kwa kuiongezea nguvu injini ya upande mmoja, au kwa kutupa mfuko wa turubai majini uvute ubavu mmoja. Hata injini zizunguke polepole vipi, yenyewe inakwenda tu. Sasa mtu yuko kwenye boti ya mpira, ameumia, nguo zimejaa maji, anatupiwa kamba. Anaishika, ndege inamburura, kamba inamchoropoka. Kuzunguka tena kumfuata ni kuwapa wapiga mizinga nafasi nyingine ya kulenga. Ukizima, kamba inalegea, na watu walio kwenye dirisha la plastiki angavu lililobenuka ubavuni, nyuma ya bawa, wanamkamata kwapani na kumwingiza ndani. Lakini injini iliyozimwa yaweza kugoma kuwaka, na hapo wote ni mateka au maiti. Gordon alizipima hatari hizo mbili, na naona alipima sawasawa.

Ilikuwa 15 Februari 1944. Alitua mara tatu akaokoa watu 9 wa ndege za mabomu za Marekani zilizoangushwa. Alikwisha kushika njia ya kurudi alipoambiwa wapo wengine 6, kama mita 550 tu kutoka ufuko wa adui. Akageuza. Alipaa mara ya nne na waokolewa 15.

Kupaa kule ndiko kunakonishangaza mno. Mawimbi yalikuwa makubwa na upepo karibu hakuna. Upepo wa mbele huiinua ndege mapema. Usipokuwapo, ndege nzito hukimbia mbali zaidi juu ya maji, na kila wimbi linapiga tumbo lake.

Kutua nako kuna namna yake. Rubani hayakabili mawimbi usoni. Hutua sambamba na migongo yake, pua juu, mwendo umepungua kabisa. Akigonga kwa kasi, ndege inadunda, riveti, yaani misumari inayounga mabati yake, zinachomoka, maji yanaingia. Adrian Marks, rubani mwingine wa Catalina, alipotua tarehe 2 Agosti 1945 kuwaokoa mabaharia wa Indianapolis, meli ya kivita ya Marekani iliyozamishwa na Wajapani, matundu ya riveti yalizibwa kwa penseli. Alichukua watu 56, wengine wakafungwa juu ya mabawa kwa kamba za parachuti. Sehemu ya nyuma ya mabawa ya Catalina ni kitambaa, si bati, kwa hiyo yaliharibika. Kuruka tena hakukuwezekana. Alikaa nao majini hadi manowari Cecil J. Doyle ilipofika usiku ikawapakia, kisha ndege ikazamishwa kwa mizinga ya manowari hiyo hiyo.

Baba yako